Germano Anaacha Tramu, na Koti Bado Liko Kitini

Germano wangu anastaafu! Ijumaa tarehe kumi na mbili Juni anashuka kwenye tramu na haendeshi tena! Haya, nimesema. Yeye alinikataza nisimwambie mtu, nami nimeibana siri hiyo tangu Jumapili mpaka kifua kikaanza kuniwasha. Sasa ndiyo niwaamkie: hamjambo nyote wa karakana, madereva, mafundi, na nyinyi wa ofisini mnaosoma jarida hili huku mkinywa kahawa.

Mimi ni Felismina, mama yake Germano Falcato, dereva wa tramu namba ishirini na nane, miaka thelathini na saba kazini. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na dereva mwenzake, Firmino, kama ilivyo desturi. Firmino ni kijana mwema, ingawa ana wajukuu. Alikuja kunisomea alichoandika: mistari minne, na mmoja wao ulikuwa tarehe.

"Firmino, mwanangu," nikamwambia, "huu ni wasifu au ni risiti?"

Akacheka, akanisogezea karatasi. "Basi andika wewe, mama. Wewe ndiye uliyemjua hajaota meno."

Ndiyo hivyo. Shule niliishia darasa la nne, lakini barua za mtaa wetu mzima wa Alfama, hapa Lisboa, nimeziandika mimi, za waliokwenda Ufaransa na za waliokwenda jeshini, na hakuna hata moja iliyorudi. Na kwa kuwa Germano nimemzaa mwenyewe, msitegemee nitasimama katikati. Upande wangu ni wake.

Mtauliza, mbona mtu wa miaka thelathini na saba kazini anataka kuondoka kimyakimya kama mwizi wa kuku? Nilimuuliza swali hilohilo, kijiko cha supu mkononi. Akaniambia, "Mama, nisherehekee nini? Watu wetu hawapandi tena." Lakini mimi mama yake najua. Akisema "watu wetu" anamaanisha mtu mmoja. Huyo mmoja akipanda safari ya mwisho, mwanangu atastaafu kwa furaha. Asipopanda, atastaafu tu. Nitafika huko. Kwanza acheni nijisifu.

Siku aliyoanza kazi ilikuwa na manyunyu. Wenye kujua mlima wa kwetu wanajua manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa, maana yanaifanya reli kuwa kama sabuni. Tramu zetu hubeba mchanga. Reli ikilowa, dereva anaumwaga mbele ya magurudumu ili yashike. Germano wangu, kwa woga wa siku ya kwanza, aliumwaga wote kabla ya kona ya kwanza. Mtaa ukawa kama ufuko wa bahari. Bi Odete wa duka la mkate akatoka na fagio. "Felismina! Mwanao ameniletea likizo mlangoni!" Lakini tramu haikuteleza hata kidole. Andikeni hilo.

Siku hiyohiyo nilimpa supu. Mnajua nyumba yangu ilipo, pale reli inapobanana na kuta mpaka mtu mnene akiwa njiani hujibandika ukutani kama tangazo. Dirisha langu liko sawa kabisa na dirisha la dereva. Mwanangu hajala tangu alfajiri, supu ya kabichi ipo jikoni, tramu inapita mkono wangu ukifika, nyinyi mngefanyaje? Nikanyoosha kikombe. Naye, mtoto mwenye adabu, akasimamisha. Kumbe nyuma yake amekaa mkaguzi mkuu, kofia kichwani, mustachi umekatwa kwa rula.

"Falcato! Hiki ni kituo gani?"

"Kituo cha Mama, bwana mkubwa."

Mkaguzi akanitazama. Nami nikamtazama. Nikaingia ndani nikarudi na kikombe cha pili. Tangu siku ile mahali pale pana jina, na nasikia hata nyinyi karakanani mnasema kwenye redio zenu, "Niko Kituo cha Mama, mbele kumeziba." Watu wakubwa wa mji huu wamepewa mitaa. Mimi nina kituo, na sijafa.

Kuziba ndiko kwenyewe. Kila dereva wa mlima wetu anajua ugonjwa huo: mtu anaacha gari lake, gurudumu moja juu ya reli, anakwenda kunyoa ndevu. Wengine hupiga kengele, ile ya kukanyaga, mpaka mguu ufe ganzi. Germano alikuwa anashuka, anavua kofia, anawageukia wageni wake. Safari moja walijaa watu wa harusi kutoka Poland, wanaume vifua kama makabati. Akawaonyesha kwa mikono: nyinyi huku, nyinyi kule, moja, mbili. Wakalibeba gari lile kama mtoto mchanga wakaliweka kando ya njia. Mwenyewe akatoka kinyozini na povu shavu moja. "Gari langu!" Bibi harusi akampa ua. Germano akawaambia wale wageni, "Kuanzia leo nyinyi ni watu wa hapa. Aliyebeba gari la mjinga ameshakuwa jirani."

Wageni, wageni. Wenzake wengine huwaona kama mzigo wa magunia. Mwanangu aliwafundisha mji. Kiingereza chake ni kibovu, Kifaransa chake ni changu nilichomfunza kwa barua za shangazi yake, lakini wote walimwelewa. Wakijipanga jua kali pale uwanjani chini, foleni mpaka mtu anasahau alikuwa anakwenda wapi, aliwaambia, "Msipandie hapa. Nendeni mwisho wa reli, makaburini, mpande pale tramu ikiwa tupu." Wakaogopa. "Makaburini?" "Ndiyo. Wenyeji wa pale hawagombei viti."

Na aliwashusha pia! Ndiye dereva pekee ninayemjua aliyekuwa anawafukuza abiria kwa mapenzi. Anafika juu kwenye baraza la kutazamia mto, anafungua mlango, anasema, "Shukeni sasa. Mji hauonekani ukiwa umebanwa kwapani mwa mtu. Panda kwa tramu, teremka kwa miguu. Ukipotea, fuata harufu ya samaki, utafika kwa mama yangu." Na wamefika. Nimepokea Wajapani wawili, Mbrazili mmoja aliyekula kuliko wote wawili, na mwalimu wa Kidenishi aliyetaka kujua kama dirisha langu ni la serikali.

Sasa nimfikie huyo mtu mmoja. Ni Bi Idalina wa juu mlimani, Graça, aliyekuwa mpiga pasi. Shati la kwanza la kazi la Germano, lenye mikunjo ya mikono iliyosimama kama kisu, alilinyoosha yeye. Ni mkubwa kuliko mimi kwa mwaka mmoja na hajawahi kunisamehe. Kila asubuhi hushuka kusali misa huku chini kwetu, kwa sababu anasema padri wa kule juu anakimbia kama anadaiwa. Misa ikiisha, alikuwa anapanda tramu ya Germano pale kituoni, hatua chache tu kutoka dirishani kwangu, akae kiti kile cha peke yake nyuma ya dereva, arudi nyumbani.

Na hakuwa abiria tu. Vijana wa mikono mirefu walipoanza kupanda pamoja na wageni kuwachomolea pochi, Germano alikuwa na ishara yake: kengele ya mguu, tatu fupi. Wanawake wetu wakiisikia, kila mmoja anasogea karibu na mgeni mmoja kama kuku na kifaranga. Bi Idalina ndiye aliyekuwa jemadari. Siku moja nilimwona kwa macho yangu, tramu imesimama hapa dirishani. Kijana mmoja mkono umeingia kwenye mkoba wa mama wa Kijerumani. Bi Idalina akamgonga vidole kwa mpini wa mwavuli, taratibu, kama anagonga mlango wa padri.

"Mwanangu, mkono wako umepotea njia. Urudishe nyumbani."

Tramu nzima ilicheka, hata yule kijana. Miaka mingi wakaendesha hivyo, Germano mbele, yeye nyuma yake. Na kila mkesha wa Mtakatifu Antonio, mtaa ukiwa umevikwa karatasi za rangi, alimletea chungu kidogo cha mrehani akiweke mbele kwenye kioo. Mgeni akisogeza pua anuse, Bi Idalina anamkemea: "Aa! Mrehani haunuswi hivyo, utanyauka. Uguse kwa kiganja, kisha unuse kiganja chako." Wakatoka kwenye tramu ile wote wananukia viganja.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Februari, mwaka juzi. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga, mvua inamwagika, na wageni wote walikuwa wamekimbilia tramu. Walijaa mpaka vioo vikatoka jasho. Sheria mnaijua nyinyi kuliko mimi: ikijaa, dereva hasimami. Bi Idalina alikuwa kituoni, mkoba wa viazi mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Germano alimtazama kupitia kioo, akatikisa kichwa hivi, akapita.

Bi Idalina aliupiga ubavu wa tramu kwa mwavuli. Nilisikia kutoka jikoni. "Germano! Mimi niliyekupigia pasi shati lako la kwanza!"

Tramu ikaenda. Yeye akapanda mlima kwa miguu, mvua yote, viazi vyote. Nilimwita dirishani aingie akauke. Hakugeuka.

Mwanangu hakula siku ile. Alipotoka kazini alikwenda mpaka mlangoni kwa Bi Idalina, kofia mkononi. Akabisha. Sauti ikamjibu kutoka ndani:

"Nani?"

"Ni mimi, Bi Idalina. Germano. Nimekuja kukuomba radhi."

"Hakuna nafasi. Kumejaa."

Anaishi peke yake na paka.

Tangu hapo Bi Idalina hapandi. Misa ikiisha anapita kituoni, anapita dirishani kwangu, anaupanda mlima, mguu huu, pumzi, mguu huu, pumzi. Dukani kwa Bi Odete husema, "Tramu ni ya wageni. Mimi ni mtu wa miguu." Na wako wengine wanaomwitikia, kwa sababu kweli imekuwa vigumu, na mimi sikatai. Mtu mzima anasimama na kikapu chake, tramu tatu zinapita zimejaa wageni wa kofia za majani. Lakini sheria hakuitunga mwanangu, wala meli hakuileta yeye.

Alichokifanya yeye ni hiki. Asubuhi iliyofuata alivua koti lake, akalitandika juu ya kile kiti cha nyuma yake, na hakuruhusu mtu akikalie. Tangu kule makaburini tramu inapoanzia, mji mzima, koti limekaa kitini kama abiria. Anafika kituoni kwetu saa ile ya misa kuisha, anasimama, anafungua mlango. Bi Idalina anapita na miguu yake, macho mbele. Mwanangu anasubiri kidogo. Anafunga mlango. Kisha ndipo anaondoa koti na kumwita mzee mwingine yeyote akae. Amefanya hivyo kila asubuhi aliyokuwa zamu. Hata Agosti, jua la kupasua mawe, wenzake wako na mikono mifupi, Germano wangu anabeba koti la sufu. Wengine wenu mlimcheka kuwa ana homa. Sasa mnajua homa yenyewe.

Wageni huuliza. Mmoja, mama wa Kikorea mwenye nywele nyeupe, alikuwa amesimama karibu kabisa na kiti kile tangu mwanzo wa safari. Firmino alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Mbona hapa hapakaliwi?"

"Pana mwenyewe," akasema Germano.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Lini?"

"Hilo, mama, muulize yeye."

Kesho yake yule mama akapanda tena, ingawa alishauona mji wote. "Amekuja?" Germano akatikisa kichwa. Basi mama yule akafungua mkoba, akatoa kopo la biskuti, akaliweka juu ya koti. "Mpe akija." Mwanangu akalipeleka kwa Bi Odete, na Bi Odete akalifikisha kwa mwenyewe. Ikapita wiki nzima. Kisha kopo likarudi dukani, tupu, limeoshwa, limefutwa.

"Mwambie," alisema Bi Idalina, "zilikuwa kavu."

Zilikuwa kavu lakini zilikwisha! Mimi niliposikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo nina matumaini, na mwanamke wa miaka themanini na tisa akiwa na matumaini, jueni hawezi kukaa nayo peke yake.

Majuzi Bi Idalina alipita dirishani kwangu, akasimama kuvuta pumzi, akajifanya anatazama maua yangu.

"Felismina, mwambie mwanao lile koti litachakaa."

"Mwambie mwenyewe. Anasimama hapo kila siku."

"Mimi na tramu hatusemezani."

"Tramu si mwanangu. Mwanangu ni yule anayesubiri na mlango wazi."

Akagusa mrehani wangu kwa kiganja. "Huu umeumwagilia maji mengi," akasema, akaondoka. Sikumwambia kuwa Germano anastaafu, maana bado nilikuwa nimefungwa mdomo. Leo namwambia. Ndiyo sababu nimemwomba Firmino atoe nakala ya karatasi hii aibandike mlangoni kwa Bi Odete, pale juu ya bei za mkate, ambapo Bi Idalina lazima asome, kwa kuwa husoma kila kinachobandikwa kisha hulalamikia maandishi. Safari hii, shoga yangu, nimeandika kwa herufi kubwa.

Na wewe, Germano, najua utaisoma hii karakanani, na najua utakasirika. Kasirika, mwanangu, lakini kasirika ukiwa umekaa. Umewapandisha mlimani watu wa mataifa ambayo mimi siwezi hata kuyatamka. Hujawahi kumwangusha mtoto, hujawahi kumgonga paka. Vijana uliowafundisha kumwaga mchanga leo ndio wanaofundisha wengine, na wote humwaga kidogo kuliko ulivyomwaga wewe siku ile. Nilikuzaa mwenye kichwa kikubwa nikaambiwa utakuwa padri au wakili. Ukawa dereva wa tramu, na kila asubuhi umepita dirishani kwangu. Nani mwingine hapa Lisboa anaweza kusema amemwona mwanawe kila siku ya kazi yake, akamkabidhi supu mkononi? Tunakushukuru, mimi na mtaa na hawa wenzako. Kalale sasa mpaka jua likuchome usoni. Panda tramu kama mgeni, ukae dirishani, uache wengine wapige kengele. Mungu akupe goti zima na uzee mtamu kuliko wangu.

Wengine wote, sikilizeni mpango. Kwa watu wengi safari ya mwisho huishia makaburini. Ya mwanangu inaanzia pale. Saa nne asubuhi Germano ataondoka mwisho wa reli, makaburini, na tramu yake. Madereva mlio mapumziko, pandeni kuanzia huko. Wenye magari, nawaomba kwa jina la Mtakatifu Antonio, siku hiyo msiegeshe karibu na reli. Na atakayeegesha, wenzangu, njooni na mikono. Atafika Kituo cha Mama misa ikiisha. Supu itakuwepo, kama siku ya kwanza, na kikombe cha pili kwa mkaguzi yeyote. Kisha atapanda mlima mpaka Graça na kushuka mpaka uwanjani chini, pale wageni wanapojipanga, na huko atamkabidhi Firmino ule mpini wake wa shaba wa kuendeshea. Baada ya hapo wote mrudi kwangu. Makaa yatakuwa yamewaka mlangoni, sadini zipo, mkate upo.

Firmino alinishauri siku hiyo nikae mimi kwenye kile kiti, nyuma ya mwanangu. Nilimkatalia. Mimi nina dirisha langu. Kiti kile kitakuja na koti juu yake, kama kila siku, na tramu itasimama pale kituoni, na mlango utafunguka. Watu watajaa, wageni na wenyeji, watabanana kwapani kwa kwapa. Lakini Bi Idalina, nafasi ipo. Usije na mwavuli. Juni hakuna mvua. Njoo na mrehani.

Ni Ijumaa, tarehe kumi na mbili Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, misa ikiisha.